Siku ya mwisho kabla marafiki hawajahama: mwongozo kwa familia inayobaki

Familia mliyozoeana nayo inahamia nchi nyingine. Viza zimetoka, tiketi zimekatwa, watoto wameshaaga shuleni, na imebaki siku moja. Siku hiyo nyumba hujaa watu, simu haziachi kuita, mabegi hayafungiki, na mara nyingi mama mwenye nyumba anapanda ndege bila kupata hata nusu saa ya kukaa na mama yake mzazi. Kufungasha kungeweza kufanywa na mtu yeyote. Kumshika mama mkono hakuna wa kumsaidia.

Kwa hiyo mwongozo huu nauandika kwa wanaobaki. Siku ya mwisho wanaosafiri wawe na kazi tatu tu: kutunza hati zao, kuwa karibu na watoto wao, na kuagana na watu wao. Kazi nyingine zote, kuanzia kupima mabegi mpaka kumrudishia jirani sufuria zake, ni zetu. Nawaza familia inayoondokea Dar es Salaam kwenda Canada au Ulaya, kwa sababu ndiyo safari ninayoifahamu. Wa Mombasa, Nairobi au Zanzibar watabadilisha majina ya barabara tu.

1. Someni tiketi pamoja, kwa sauti

Fanyeni hivi mapema, siku mbili tatu kabla. Baadhi ya ndege za kwenda kuunganisha Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul huondoka usiku wa manane au karibu na alfajiri, na hapo ndipo tarehe huchanganya watu. Tuseme tiketi imeandikwa Jumamosi tarehe 16, 03:40. Hiyo ni saa tisa na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumamosi. Siku ya mwisho basi ni Ijumaa tarehe 15, na Ijumaa hiyo hiyo usiku familia iwe imeshafika uwanjani. Anayesoma haraka anaona “03:40” akasema saa tatu na dakika arobaini, au anaona “Jumamosi” akawaalika watu kuja kuaga Jumamosi mchana, wakati ndege imeshatua kwingine.

Mkishakubaliana, rudisheni hesabu nyuma. Mashirika mengi hufunga kaunta za kupokea mizigo saa moja kabla ya ndege kuruka, lakini familia yenye watoto na mabegi mengi ifike saa tatu kabla au zaidi. Kwa ndege ya saa tisa na dakika arobaini usiku, lengeni kufika saa sita usiku. Mnaotoka Tegeta au Bunju ondokeni saa nne na nusu. Mnaotoka Tabata mna nafasi zaidi. Watoto wawe wameshaoga na kula saa mbili usiku. Mabegi yote yawe yamefungwa saa kumi na mbili jioni. Andikeni saa hizi kwenye karatasi kubwa na kuibandika mlango wa sebuleni, ili kila anayeingia aone bila kumuuliza mwenye nyumba.

2. Gawaneni kazi kwa majina

Neno “tutasaidiana” halitoshi. Kila kazi iwe na mwenyewe. Atafutwe mtu mmoja wa mlangoni, anayepokea wageni na kuwaelekeza. Mwingine ashike daftari: kila kitu kinachotoka nyumbani humo kiandikwe kimekwenda kwa nani. Wa tatu ashughulike na mizani na mabegi, wa nne chakula, wa tano watoto. Dereva alale mchana, maana usiku atakuwa macho.

Mtu wa mlangoni ndiye muhimu kuliko wote. Awe mtu mzima mwenye heshima yake, anayeweza kumwambia shangazi wa watu, “Shikamoo shangazi, karibu uketi hapa, dada anamalizia hati zake, nitamwita,” na shangazi asione amezuiwa. Simu ya mama na ya baba pia zipate mtu wa kuzipokea kwa zamu. Wanaopiga wengi wanataka kusema safari njema tu, na neno hilo linaweza kupokelewa kwa niaba.

3. Asubuhi, kabla ya kitu kingine: begi la hati

Begi hili ni dogo, la kuvaa mgongoni au kifuani, na linabebwa na mzazi mmoja kuanzia asubuhi hiyo mpaka wanapofika. Halipandi kwenye gari la mizigo wala halikai juu ya kochi.

Ndani yake ziwemo pasipoti zote, barua na karatasi za viza au ukaazi, tiketi zilizochapishwa, vyeti halisi vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti vya shule na vya kazi, kadi za chanjo za watoto, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi ya njano ya zamani isitupwe: tangu mwaka 2016 chanjo hiyo inahesabiwa kuwa ya maisha, hata kama kadi yenyewe imeandikwa miaka kumi. Dawa za kila siku ziwe humo pia, kwenye vifungashio vyake na karatasi ya daktari. Mtoto mwenye pumu hawezi kungoja begi lililobaki Doha.

Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, iwemo barua ya ridhaa ya mzazi mwingine iliyoshuhudiwa na wakili. Kama kuna kiwanja, gari au kesi ya mirathi inayobaki nyuma, hati ya kumpa ndugu uwezo wa kuwakilisha inatakiwa iwe imeshasainiwa mbele ya wakili siku nyingi kabla. Siku ya mwisho kazi ni kuhakikisha ndugu huyo anayo nakala.

Wanaohamia Canada waandae orodha mbili: vitu wanavyoingia navyo, na vitakavyofuata baadaye. Orodha hizo huonyeshwa kwa maofisa wa forodha siku ya kuingia mara ya kwanza, na zinawasaidia kutotozwa ushuru kwa vyombo vyao wenyewe vitakapofika. Kazi ya kuorodhesha ni ya kuchosha na inahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri na subira. Apewe rafiki. Yeye aziandike, wenye safari wazisome na kusaini.

Pigeni picha kila ukurasa wa kila hati, na rafiki mmoja mnayemwamini abaki na picha hizo.

4. Mizani

Mashirika mengi hupima kilo 23 kwa begi, na begi moja likizidi kilo 32 kwa kawaida halipokelewi hata ukiwa tayari kulipa. Kwenda Canada na Marekani tiketi nyingi hutoa mabegi mawili kwa mtu, lakini kila tiketi ina masharti yake, na ni hayo ya kwenye tiketi yanayohesabika. Begi la mkononi mara nyingi ni kilo 7. Familia ya watu watano yenye mabegi mawili kila mmoja inaondoka na kilo 230 za maisha yake. Ukiiona hesabu hiyo kwenye karatasi, unaelewa kwa nini mama anashika kinu mkononi anakirudisha chini, anakishika tena.

Mizani ndogo ya kuning'iniza inapatikana Kariakoo. Isipokuwepo, tumieni ya kusimama: mtu ajipime mwenyewe, kisha ajipime ameshika begi, atoe. Lengeni kilo 22, maana mizani ya nyumbani na ya uwanjani haziachi kutofautiana.

Gawanyeni vitu kati ya mabegi. Kila begi liwe na nguo za watu wawili au watatu, ili begi moja likichelewa asiwepo mtoto asiye na hata nguo ya kubadilisha. Masweta na soksi za siku ya kufika zikae begi la mkononi. Ukitua Toronto mwezi wa Januari, sweta lililo ndani ya begi kubwa halikusaidii kitu.

Powabenki na betri za ziada haziingii begi la kupakiwa, ziende mkononi. Zile za kawaida za mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, na mpaka wati-saa 100 zinaruhusiwa bila kuomba ruhusa. Vimiminika vya mkononi ni chupa za mililita 100 kushuka chini, ndani ya mfuko mmoja mdogo unaoonyesha vilivyomo. Mafuta ya nazi, asali na achari yahesabiwe humo, au yaende begi kubwa yakiwa yamefungwa mara mbili.

Kisha alama. Chukueni kitenge kimoja cha rangi kali, kichaneni vipande vyembamba kama upana wa vidole viwili, na kila begi lifungwe kipande kwenye mpini, fundo mbili. Watoto wanaipenda kazi hii kwa sababu kitenge kikishaanza kuchanika kinakwenda chenyewe mpaka mwisho. Mbele ya mkanda wa mizigo wenye mabegi meusi mia, hata wa miaka mitano atanyoosha kidole aseme letu lile. Ndani ya kila begi wekeni karatasi yenye jina na namba ya simu ya nchi wanayokwenda, maana ya nje inaweza kung'oka.

5. Mizigo ya kutumwa

Hapa naomba msomaji atulie.

Habari ikishasambaa kwamba fulani anahamia Canada, watu watakuja na vifurushi. Mama mmoja ana mtoto wake Winnipeg, amemkaushia dagaa. Mwingine ana bahasha. Kijana ambaye hakuna anayemkumbuka vizuri analeta boksi limeshafungwa solotepu pande zote, “ni viatu tu, mtu atakuja kuchukua uwanjani”. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayeleta kilo mbili haoni kwamba ni wa kumi kuleta kilo mbili.

Uzito ndio tatizo dogo. Tatizo kubwa ni kwamba wenye begi ndio watakaoulizwa mambo yaliyomo. Kaunta nyingi huuliza: begi umelifunga mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu umpelekee? Ikikutwa dawa ya kulevya ndani ya soli ya kiatu, hakuna ofisa atakayemtafuta kijana wa boksi. Atakamatwa baba, mbele ya wanawe.

Kwa hiyo mtu wa mlangoni awe na kanuni moja, isiyobadilika kwa yeyote: hakipokelewi kitu kilichofungwa. Kinachokuja wazi kinakunjuliwa mezani mbele ya aliyeleta, nguo inakung'utwa, unga unachunguzwa, kiatu kinapinduliwa. Baada ya hapo wenye safari ndio waamue kama kuna nafasi. Anayekasirika, aombwe radhi kwa upole na mzigo wake arudi nao. Kazi hii ifanywe na rafiki kwa sababu rafiki anaweza kuchukiwa na watu wawili watatu mtaani bila hasara kubwa. Wanaosafiri wanataka kuondoka wakiwa na amani na kila mtu.

Chakula nacho kina sheria zake. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingia na nyama wala maziwa na vilivyotengenezwa kwavyo kutoka nchi zetu, isipokuwa vyakula vya watoto wachanga na vya wagonjwa kwa masharti. Kwa hiyo samli ya bibi na nyama iliyokaushwa vinabaki. Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Embe halimo kwenye orodha hiyo. Canada na Marekani wanataka kila chakula kitajwe kwenye fomu au kwenye mashine ya forodha. Kukitaja kitu kinachokatazwa mara nyingi mwisho wake ni kunyang'anywa tu. Kukificha ndiko kunakoleta faini.

Vinavyosafiri vizuri ni viungo vikavu vya pilau, majani ya chai, kahawa iliyokaangwa na korosho zilizobanikwa na kufungwa vizuri. Vinatosha kuifanya jikoni ya kwanza ya ugenini inukie kama ya Tegeta.

6. Kuitoa nyumba

Vitu vikubwa viwe vimeshauzwa au kugawiwa kabla ya siku hii. Kinachobaki asubuhi hiyo ni magodoro ya usiku wa mwisho, feni, jiko la gesi na mtungi wake, ndoo, pazia. Iteni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, saa nne asubuhi, kwa mzunguko mmoja, na mwenye daftari asimame nyuma yake. Feni moja na magodoro mawili yasiondoke mpaka usiku. Watoto watajilaza wapi wakingoja saa ya kuondoka?

Nyumba ikiwa ya kupanga, makabidhiano yafanywe mchana na mwenye nyumba au mtu wake, kukiwa na mwanga. Pigeni picha za kila chumba, bomba, taa, na mita ya umeme ya LUKU ikionyesha uniti zilizobaki. Bili ya maji ya mwisho iulizwe na kulipwa siku hiyo hiyo, la sivyo iandikwe nani atailipa. Kama kuna fedha ya dhamana ya kurudishiwa, iandikwe kiasi, tarehe, na namba itakayopokea.

Mimea ya vyungu na paka wapewe watu waliokubali kwa midomo yao. Msimwachie mtu paka kwa kudhania tu kwamba anapenda wanyama.

7. Simu na pesa

Hili ni la dakika chache lakini likikosewa linasumbua miezi. Laini ya Tanzania imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mwenyewe, na kuirudisha ukiwa mbali ni kazi. Benki nazo hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo hiyo. Kabla ya kuondoka wafungue huduma ya kutumia laini nje ya nchi, wajaribu kuingia kwenye programu ya benki, na waiarifu benki kwamba wanasafiri. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, kwa hiyo ibaki ndani ya simu na itumike mara kwa mara, hata kwa ujumbe mmoja.

Namba ya siri ya M-Pesa wala ya benki asipewe mtu, hata wewe rafiki uliyeshika daftari. Ukipewa, kataa. Pesa za kulipia mambo yanayobaki, kama maji na usafi, watumiwe wahusika moja kwa moja.

Wakiwa na fedha taslimu zinazofikia kiwango cha kutangazwa, ambacho hapa ni dola 10,000 za Marekani, Canada ni dola 10,000 za Canada, na Umoja wa Ulaya ni yuro 10,000, wazitangaze, hapa na kule wanakokwenda. Bahasha za ndugu za siku ya kuaga zihesabiwe humo pia.

8. Watoto, wao na wa kwetu

Watu wazima wana shughuli, na shughuli ni dawa. Watoto hawana. Wanaona kitanda chao kinatoka mlangoni kwenye bega la mtu wasiyemjua.

Msiwaambie “mtaonana wiki ijayo”. Mtoto wa miaka sita anahesabu wiki. Waambieni ukweli kwa maneno mafupi: wanakwenda kuishi mbali, tutaongea kwa simu, hatujui siku ya kuonana lakini tunataka. Wakilia, acheni walie. Wetu wanaobaki nao wanapoteza rafiki, tena wao watabaki na mtaa ule ule na geti lile lile lililofungwa, na mara nyingi hakuna anayewakumbuka siku hiyo.

Wapeni kazi za kweli: kuchana vitenge vya mabegi, kuhesabu mabegi kila saa na kumpa jibu mwenye daftari, kuandika majina kwenye vitu vinavyogawiwa. Kila mtoto anayeondoka achague kitu kimoja cha kwake cha kumwachia rafiki, na kimoja cha kwenda nacho mkononi ndani ya ndege. Mtu mzima asimchagulie. Akiacha baiskeli na kubeba kifuniko cha soda, abebe.

Baada ya chakula cha mchana, mwenye watoto awachukue wote nyumbani kwenu. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi walazwe, hata kama hawalali. Usiku ni mrefu na ndege ni mbili au tatu. Kabla hawajarudi, kila mmoja ajifunze kwa kichwa jina kamili la baba au mama na namba moja ya simu.

9. Chakula na kuagana

Msipike nyumbani kwao. Sufuria zimeshaondoka, jiko linaondoka, na atakayeishia kuosha vyombo ni mama yule yule. Pikeni kwenu au kwa jirani, mlete chakula kimeiva na sahani zake, mtandike mikeka sebuleni kusikokuwa na makochi tena. Pilau inafaa kwa sababu inalisha wengi na inavumilia wanaochelewa. Kwa watoto ongezeni kitu wanachokila kila siku, wali na maharage ya nazi au chapati, maana tumbo la safari halitaki majaribio. Chapati nne zikunjwe kwenye karatasi ziwekwe begi la mkononi kwa ajili ya kungoja uwanjani.

Wageni waalikwe kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa moja usiku, na saa hizo zitajwe. Anayetaka kuja saa tatu usiku aombwe aje mapema. Wazee wasioweza kufika, wenye safari wawe wamewafuata wao jana yake. Bibi asiagwe kwa simu ikiwa anaishi Magomeni.

Saa kumi na mbili na nusu hivi, kazi zote zisimame. Hata kama kuna begi moja halijafungwa. Wote wakae, mzee mmoja aseme machache, isomwe dua au isaliwe sala kwa imani ya nyumba hiyo. Kisha pawe na nafasi ya kutakana radhi, desturi ambayo wazee wetu wa pwani hawaachi mtu asafiri bila kuitimiza: “Tumeishi pamoja, kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, niwie radhi.” Nimeona watu waliokuwa hawasemeshani kwa sababu ya ukuta wa mpakani wakishikana mikono katika dakika hizo. Ndiyo saa yenyewe ya siku nzima. Kazi zote tulizopokonya wenye safari tangu asubuhi zilikuwa kwa ajili ya kuifikia wakiwa wametulia, wameoga, na machozi yao yakiwa na nafasi ya kutoka.

Baada ya hapo, mtu wa mlangoni awaage wageni kwa upole. Kuanzia saa mbili nyumba ibaki na wa ndani tu.

10. Kwenda uwanjani

Familia ya watu watano na mabegi kumi haiingii kwenye Noah moja pamoja na wasindikizaji. Pawe na gari la watu na gari la mizigo, na ndani ya gari la mizigo akae mtu anayejua idadi. Hesabuni mabegi mara tatu: yakitoka nyumbani, yakipakiwa, yakishushwa.

Safari za kimataifa za Uwanja wa Julius Nyerere nyingi hutumia Jengo la Tatu la Abiria, lililofunguliwa mwaka 2019, lakini thibitisheni kwenye tiketi. Usiku barabara ya Nyerere inapitika, ila Ijumaa na siku za mvua ongezeni nusu saa.

Wasindikizaji wasiwe wengi. Kuagana kumeshafanyika nyumbani, na wasio na tiketi wanaishia nje. Wawili watatu wanatosha: dereva, mtu wa mizani, na ndugu mmoja.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau: wasindikizaji wasiondoke mara mabegi yanapoingia. Bakini sehemu ya maegesho mpaka mpate ujumbe kwamba wameshapita uhamiaji. Njooni na begi tupu moja. Kaunta ikisema begi limezidi kilo tatu, baba atatoka nje na vitu mkononi, na mnatakiwa muwepo kuvipokea. La sivyo vitabu vya mtoto vinaishia kwenye pipa. Karatasi ikikosekana, mtu wa nyumbani awe macho na ufunguo mkononi.

11. Kesho yake

Kazi yetu haijaisha ndege ikiruka. Wekeni namba ya ndege kwenye simu mfuatilie kila kituo, na ikitua wapigieni wazee wa pande zote mbili kabla hawajaanza kuuliza. Asubuhi fagieni nyumba, pigeni deki, zimeni swichi kuu, fungeni maji, kabidhini funguo kwa maandishi. Angalieni nyuma ya milango na juu ya makabati, huko ndiko kunakobaki chaja, miwani na rozari au tasbihi. Vilivyosahaulika vipigwe picha na kutumwa, wenyewe waseme kipi kisubiri msafiri mwingine na kipi kigawiwe. Daftari lisomwe kwa simu mara moja, kila kitu na aliyekichukua, kisha wenyewe watumiwe picha za kurasa zake.

Kisha pangeni saa ya kupigiana simu, iwe siku moja na saa moja kila wiki, kabla watoto wao hawajazoea shule mpya na wetu hawajazoea kunyamaza. Jumapili saa kumi jioni ya Dar es Salaam ni saa tatu asubuhi Toronto wakati wa kiangazi chao, na saa mbili asubuhi wakati wa baridi. Wenzetu wa Toronto husogeza saa zao mwezi Machi na mwezi Novemba, kwa hiyo miezi hiyo miwili kumbushaneni mapema, watoto wasikae mbele ya simu wakidhani wamesahauliwa.